Faili za Olenguruone Ziko Boksi Gani?

Maneno ya leo ni kwenu wasikilizaji wa Kuresoi, wa Keringet, Kiptagich, Tinet, Amalo, Kamara, na ninyi mlio kwenye matatu ya Molo, dereva amefungulia redio juu kuliko inavyohitajika. Leo nataka tuongee kuhusu maikrofilamu. Najua kuna mkono umeshanyooshwa kubadilisha stesheni. Subiri kidogo, mzee. Huenda mkanda mmojawapo una habari za shamba ulilokalia.

Maikrofilamu ni filamu ya kamera, jamaa ya ile waliyotumia wapiga picha wa studio kabla simu hazijawanyang'anya kazi. Badala ya harusi, kamera hupiga picha za karatasi, ukurasa baada ya ukurasa hadi faili nzima imekwisha, na kila ukurasa hupunguzwa ukawa mdogo kama stempu ya posta. Mkanda wa mita 30 huviringwa kwenye kigurudumu kinachoenea kiganjani, na humo mna mamia ya kurasa. Msomaji huutia kwenye mashine yenye taa na lenzi, akazungusha mpini, kurasa zikapita mbele yake kwenye kioo. Mara nyingi rangi huwa zimegeuka: karatasi nyeusi, maandishi meupe. Utaona taipu ya karani, herufi zilizojaa wino, na pembeni penseli ya bosi wake aliyetia alama ya kuuliza kisha asiandike neno lolote.

Ujanja huu ni wa zamani. Mwaka wa 1870, majeshi ya Prussia yalipouzingira mji wa Paris, mpiga picha René Dagron alitoka mjini kwa puto, akawa anapunguza barua kwa maelfu kwenye vipande vya filamu ambavyo njiwa walivirudisha mjini vikiwa vimefungwa mkiani. Katika Vita Kuu ya Pili, kuanzia 1941, Waingereza walifanya vivyo hivyo kwa barua za askari wao walioko Mashariki ya Kati, kwa sababu ndege zilikuwa chache na magunia ya barua ni mazito. Kutoka hapo maktaba na benki zikaidaka kazi hiyo, na magazeti, ambayo karatasi yake huoza haraka, yakawa miongoni mwa vitu vilivyopigwa picha kwa wingi.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka wa 1939 moto uliwaka Nairobi katika ofisi za Sekretarieti ya serikali ya mkoloni, nyaraka nyingi zikaisha. Ndiyo maana mtafiti anayetafuta habari za miaka ya mwanzo ya utawala wa Waingereza hulazimika kutegemea kilichosalia katika ofisi za mikoa na wilaya. Ripoti ambayo nakala yake ya Nairobi iliungua huenda ilibaki ndani ya kabati la DC, yaani Mkuu wa Wilaya, huko Nakuru au Narok, imeliwa na mende ukingoni, lakini ipo.

Kenya ilipopata uhuru, sheria ya nyaraka za taifa ilipitishwa mwaka wa 1965, na baadaye Nyaraka za Kitaifa zikapewa lile jumba la mawe la Moi Avenue lililokuwa la Benki ya India. Ukishukia steji ya Ambassadeur umelipita mara nyingi, na pengine umekutana na mtu chini ya ngazi zake bila kujiuliza mna nini ndani. Katika miaka hiyohiyo ya 1960, Chuo Kikuu cha Syracuse, katika jimbo la New York, kilipata kibali cha nyaraka za wilaya na mikoa yetu kupigwa maikrofilamu. Mwaka wa 1968 wanahistoria watatu, Robert Gregory, Robert Maxon na Leon Spencer, walichapisha mwongozo wa kuzitafuta. Katika mikanda hiyo mna ripoti za kila mwaka za wilaya na mikoa, madaftari ya mambo ya kisiasa, barua, ripoti za ujasusi, na taarifa za makabidhiano, yaani yale DC anayeondoka anamwandikia DC anayeingia. Hizi za mwisho ndizo tamu. Katika ripoti ya mwaka DC huandika akijua Gavana atasoma. Katika taarifa ya makabidhiano humwambia mwenzake chifu gani ni wa kuaminika na yupi ni wa kuangaliwa kwa jicho la pembeni.

Kwa hiyo nakala ziko Nairobi, na ziko Syracuse, ambako theluji hufika magotini. Mwanafunzi wa huko anaweza kusoma mambo ya Mau kabla mwanafunzi wa Keringet hajajua kwamba yaliandikwa. Simlaumu mtu wa Syracuse. Tena namshukuru, maana sisi wa Kuresoi hatuhitaji kuelezwa kwa nini nakala ya pili hukaa mbali na ya kwanza. Mwaka wa 1992, mwaka wa 1997, na tena mwisho wa 2007 hadi mwanzo wa 2008, nyumba zilichomwa hapa katika ghasia za nyakati za uchaguzi, pamoja na kila kilichokuwa chini ya godoro: hatimiliki, vyeti vya shule, kadi za kliniki, picha za marehemu. Mtu alifika kambini na nguo aliyovaa, kisha akaulizwa, "Una karatasi gani kuonyesha hilo shamba ni lako?"

Kuna nyaraka nyingine ambazo hata nakala hatukuachiwa. Waingereza walipokuwa wakifunga virago mwaka wa 1963, baadhi ya faili walizichoma, nyingine wakazipakia na kuzipeleka kwao. Kenya iliziomba mwaka wa 1967, ikanyimwa. Zilikaa zimefichwa hadi 2011, wakati wazee waliokuwa wameteswa enzi ya Mau Mau walipokuwa na kesi dhidi ya serikali ya Uingereza jijini London, ndipo ikakiri kwamba takriban faili 1,500 za Kenya zilikuwa katika hifadhi yake iitwayo Hanslope Park. Miaka miwili baadaye, Juni 2013, Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya zaidi ya 5,000. Faili zile zilikuwa na uzito mkubwa katika kesi ile. Nasema hivi kwa yule anayedhani nyaraka ni kazi ya watu wenye miwani na muda mwingi.

Basi tuseme leo kaunti, au kanisa, au shule, au kikundi cha wazee wa Olenguruone, kimepata pesa na kuamua: tunataka nakala za mikanda inayotuhusu, tuziweke hapa kwetu. Ni wazo zuri, na mimi ningeliunga mkono. Ila najua litakapokwama. Watanunua mashine, mheshimiwa atakuja kukata utepe, mikanda itapangwa kabatini inang'aa, na mtu wa kwanza akija kuuliza, "Nataka habari za Olenguruone," hakuna atakayejua afungue boksi gani.

Mkanda si kitabu. Kitabu cha kilimo unakiweka kwenye rafu ya kilimo, cha dini kwenye rafu ya dini, na msomaji akipita anakiona mgongo. Mkanda mmoja unaweza kuanza na ripoti ya Nakuru, ukafuatwa na ya Naivasha, ukamalizikia Laikipia, kwa sababu mpiga picha alifuata mpangilio wa makabati ya serikali. Huwezi kuukata vipande upange kwa mada. Wakutubi waliozoea kazi hii hawajaribu kabisa. Mikanda huipa namba za mfululizo, moja, mbili, tatu, na kila mkanda unakaa penye namba yake milele. Akili yote ya mpangilio inahamia kwenye faharasa: orodha inayosema neno hili liko mkanda namba fulani, kuanzia picha namba fulani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao hawakuwa wameona maikrofilamu.

Chukua Olenguruone yenyewe tuone. Kuanzia mwaka wa 1941 serikali ya mkoloni ilianza kuleta hapo familia za Wakikuyu waliokuwa wakiishi upande wa Umaasaini, kwenye ardhi iliyomegwa kutoka kwa Wamaasai. Serikali ilisema ninyi ni wapangaji, mtalima kwa masharti yetu. Wao wakasema hii ni fidia ya mashamba yetu yaliyochukuliwa Kiambu, kwa hiyo ni mali yetu. Walikataa kufuata masharti, wakala kiapo cha umoja kilichoshirikisha hadi wanawake na watoto, na wanahistoria wengi wanakitaja kiapo hicho kama mojawapo ya mizizi ya Mau Mau. Kufikia 1950 walikuwa wamefurushwa, nyumba na mimea imeharibiwa, wengi wao wakapelekwa Yatta, katika nchi ya Wakamba. Tabitha Kanogo ameyaeleza vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu maskwota na mizizi ya Mau Mau.

Sasa nenda ukatafute faili. Nyaraka za Kitaifa hutumia alama, na ukizielewa unakuwa kama mtu aliyepewa funguo. DC ni ofisi ya Mkuu wa Wilaya, huyo tunamjua. DC/NKU ni Nakuru. DC/NRK ni Narok. DC/KBU ni Kiambu, DC/MKS ni Machakos. PC/RVP ni Mkuu wa Mkoa wa Bonde la Ufa. Olenguruone iko wapi kati ya hizo? Iko katika zote. Ardhi ilitoka kwa Wamaasai, kwa hiyo tazama Narok. Eneo liko Nakuru, kwa hiyo tazama Nakuru. Watu walidai Kiambu, tazama Kiambu. Walimalizikia Yatta, tazama Machakos. Na bosi wa mkoa aliwaandikia ma-DC wa Bonde la Ufa, kwa hiyo usisahau PC/RVP. Hapo bado hujakutana na karani aliyeandika jina kwa tahajia yake mwenyewe, mara neno moja, mara mawili, mara na 'i' mwishoni.

Kuresoi ni ngumu zaidi. Ukilitafuta kama jimbo katika nyaraka za miaka ya 1930 hutaliona, kwa sababu jimbo la Kuresoi lilikuja mwaka wa 1997, na tangu 2013 yako mawili, la Kaskazini na la Kusini. Kabla ya hapo tulikuwa ndani ya Molo, na kabla ya Molo kuwa jimbo kulikuwa na mashamba ya walowezi yaliyoitwa kwa majina ya wenyewe. Mzee wa Mau Summit atakwambia, "Hapo palikuwa kwa Bwana Fulani," akikuonyesha kidole mahali ambapo leo kuna shule, soko na makanisa mawili yanayoshindana kwa spika. Jina hilo la Bwana Fulani ndilo lililo kwenye mkanda. Jina la soko halimo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kazi hii ni ya mtaalamu kutoka nje. Kupiga picha, wao wanajua. Kusafisha filamu, wanajua. Lakini faharasa inayounganisha shamba la mlowezi wa mwaka 1928 na kijiji cha leo, jina la mto la Kiogiek na lile alilolisikia vibaya mpima ardhi, hiyo mtu wa Syracuse hawezi kuitengeneza hata akae miaka kumi. Inatengenezwa na kogo wa Tinet, na shosho wa Kamara, na mwalimu mstaafu anayekumbuka barabara ya zamani ilipopita, wakikaa na kijana mmoja anayejua kutumia kompyuta. Na wakae pamoja, maana kila upande una jina lake la kilima kilekile, na faharasa nzuri huyaandika yote bila kuamua nani mwenyewe.

Hili la mwisho si dogo. Waogiek wa Mau walipeleka kesi yao hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, na mwaka wa 2017 mahakama ikaamua kwamba haki zao zilikiukwa. Mwaka wa 2022 ikaamuru fidia. Kabla ya hapo, miaka ya 1932 na 1933, tume ya ardhi ya Carter ilizunguka nchi ikichukua ushahidi kuhusu nani ni wa wapi. Makabila yote yanayoishi hapa yana kurasa zake ndani ya nyaraka hizi, na ninaweza kuwaahidi kwamba hakuna atakayezisoma akatoka na hadithi yake ikiwa salama kama alivyoingia nayo. Tena kumbukeni kalamu ilikuwa ya nani. Mkanda unahifadhi sauti ya DC. Nyimbo walizoimba wanawake wa Olenguruone wakati wa kufukuzwa hazikupitia taipureta ya karani.

Haya, tuseme daftari lipo. Mikanda ikae wapi?

Watu husikia Kuresoi wakafikiria baridi, nasi hulalamika kila asubuhi, lakini kwa filamu baridi yetu ni mali. Filamu nyingi za kabla ya miaka ya 1980 zilitengenezwa juu ya plastiki iitwayo asetati. Asetati ina ugonjwa wake: huanza kuvunjikavunjika yenyewe kikemia na kutoa tindikali ya siki. Ukifungua boksi ukasikia harufu ya kachumbari iliyokolea, mkanda huo unaumwa, na mvuke wake unaambukiza majirani. Baadaye filamu hunywea, ikajikunja, na picha ikabanduka. Watafiti wa Image Permanence Institute, huko Rochester, walikadiria kwamba asetati mpya ikikaa kwenye nyuzijoto 21 na unyevu wa hewa wa asilimia 50, ugonjwa huo huanza baada ya miaka 40 hivi. Ukipunguza joto, miaka inaongezeka sana. Taasisi hiyohiyo hutengeneza vijikaratasi vya buluu ambavyo hutiwa ndani ya boksi. Vikigeuka kijani, kisha manjano, ujue tindikali imepanda. Ni kipimo rahisi kuliko vingi vya hospitali. Filamu za siku hizi hutumia poliesta, ambayo haina ugonjwa huo, na ikitunzwa vizuri wataalamu huikadiria miaka 500.

Mkulima wa viazi anaelewa nusu ya jambo hili tayari. Stoo nzuri ya viazi ni ya giza na baridi, na filamu inataka hivyohivyo. Ila kiazi hupenda hewa yenye unyevu ili kisinyauke, na filamu hapo ndipo inapofia. Picha kwenye maikrofilamu hukaa ndani ya utando wa jelatini, na jelatini hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya ng'ombe. Ni chakula. Hewa ikishapita asilimia 60 ya unyevu kwa muda mrefu, kuvu huota juu yake na kuila, herufi zikaondoka nayo. Sasa mnajua Kuresoi ya mwezi wa Julai ilivyo: ukungu hadi saa nne, shati lililofuliwa Jumatatu bado bichi Alhamisi. Kabati la maktaba likiwekwa kwenye ukuta wa nje wa chumba cha namna hiyo, ni bora mikanda ingebaki Nairobi.

Wajerumani walikuwa na shida kama yetu. Karibu na Freiburg, kwenye milima yenye msitu, kuna handaki la mgodi wa zamani liitwalo Barbarastollen, ambako tangu 1975 wanahifadhi maikrofilamu za nyaraka muhimu za nchi yao. Ndani ni nyuzijoto kama 10 mwaka mzima, baridi nzuri, lakini hewa ya handaki ina unyevu. Hawakujaribu kulikausha handaki. Filamu hukaushwa kwanza hadi unyevu wa asilimia 35, kisha hufungiwa ndani ya mapipa ya chuma cha pua yasiyopitisha hewa, mapipa ndiyo huingizwa mlimani. Msitu ubaki na ukungu wake.

Sisi hatuna pipa la chuma cha pua, lakini akili ile inatosha. Kausha kilicho ndani ya boksi, usijisumbue na kijiji kizima. Chombo chenye mfuniko unaobana vizuri, pamoja na vipakiti vya silika kama vile tunavyovikuta ndani ya viatu vipya na kuvitupa, na kidude cha kupima unyevu cha bei nafuu kikiwa humo ndani. Silika ikishanywa maji hukaushwa kwa moto mdogo ikarudi kazini. Chumba kiwe cha katikati ya jengo, mbali na choo na tangi, na rafu ya chini iinuliwe kutoka sakafuni.

Yako mambo mengine ambayo fundi mwema atayafanya kwa nia safi akaharibu kila kitu. Niliwahi kufunguliwa kabati katika maktaba moja, sitaitaja. Mikanda ilikuwa imefungwa kwa raba, zile za kufungia noti. Raba ina salfa, na salfa ikikutana na picha ya maikrofilamu, ambayo ni chembechembe za fedha, huifanyia kile inachoufanyia mkufu wa fedha uliosahaulika kwenye droo. Maboksi yalikuwa ya kadibodi ya kawaida, yaliyoanza kugeuka kahawia. Juu yake majina yameandikwa kwenye karatasi na kubandikwa kwa selotepu, selotepu imekauka, karatasi zimeangukia chini ya droo zote kwa pamoja, kwa hiyo mikanda isiyo na jina ilikuwa ikilalia majina yasiyo na mkanda. Mkutubi aliyekuwapo alikuta hali hiyo, hakuileta yeye, na alikuwa amechoka kuomba fedha.

Kwa hiyo msiende kwa seremala, japo saiprasi ya hapa ni nzuri na mtu angependa kuona kabati la mbao limepigwa vanishi. Mbao na rangi mbichi hutoa gesi, na gesi hizo husababisha madoadoa mekundu kwenye fedha ya filamu, madogo kama yaliyochomwa kwa sindano, yakaongezeka hadi neno lisisomeke. Kabati la chuma ambalo rangi yake imechomwa kiwandani ndilo linalofaa. Na tafadhali, jiko la makaa lisiingizwe chumbani humo hata kama mkutubi anatetemeka. Moshi, gesi na mvuke, vyote vitatu kwa mpigo. Mnunulieni koti.

Najua swali linalokuja: kwa nini tusitie kila kitu kwenye kompyuta tukaachana na siki na silika? Nyaraka za Kitaifa zimeshatia nyingi, na ni jambo jema. Msomaji wa Kiptagich atapendelea simu kuliko kuzungusha mpini. Huko Utah, Marekani, ndani ya mlima wa mawe uitwao Granite Mountain, kuna mikanda zaidi ya milioni mbili ya kumbukumbu za ukoo, na mwaka wa 2021 watunzaji wake walitangaza wamemaliza kuihamishia yote kwenye kompyuta. Mikanda yenyewe bado wanaitunza. Faili ya kompyuta inahitaji stima, nenosiri, programu isiyopitwa na wakati, na mtu wa kulipia bili ya kila mwezi. Mkanda, stima ikipotea siku tatu kama tulivyozoea, unaweza kuuelekeza dirishani na kuusoma kwa kioo cha kukuzia. Vyote viwili viwepo: kompyuta kwa kutumia, mkanda kwa bima.

Tena kuna suala la nakala ipi ije. Desturi ya kazi hii ni vizazi vitatu. Filamu iliyotoka kwenye kamera haisomwi kamwe, inalala mahali pake salama. Kutokana nayo hutolewa ya pili ya kuzalishia, na kutokana na ya pili hutolewa zile za kusoma, zinazokwaruzwa na mashine na vidole vyetu. Kuresoi ipewe hizo za kusoma. Mtu akija na hoja kwamba heshima yetu inataka tuletewe zile za asili, mkatalieni kwa adabu.

Na pengine zisikae Olenguruone. Najua nitapigiwa simu kwa neno hili. Lakini Nakuru mjini kuna kituo cha Nyaraka za Kitaifa na kuna maktaba ya umma, na Njoro kuna Chuo Kikuu cha Egerton chenye wakutubi waliosomea kazi hii. Seti moja ya kusoma ingekaa Nakuru au Njoro, penye mashine na fundi wake, na sisi huku tungekaa na faharasa, iliyochapishwa na kujalidiwa, nakala moja katika kila shule ya upili na kila ofisi ya chifu. Kijana wa Keringet angelipa nauli akiwa na karatasi mfukoni: mkanda fulani, picha kuanzia namba hii hadi ile. Kazi ambayo sasa inamla mtafiti wiki mbili ingekuwa ya asubuhi moja.

Gharama ya faharasa ni chai, madaftari, na posho ya kijana wa kompyuta. Mashine inaweza kungoja bajeti. Wazee wanaojua shamba la Bwana Fulani lilipakana na la nani hawatangoja bajeti, kwa hiyo mwenye mzee nyumbani aanze na jina la mto ulio karibu naye, na majina yote mengine uliyowahi kuitwa, na yaandikwe kwa penseli, maana biro huvuja karatasi ikilowa.

Laini ziko wazi. Anayetaka kunigombeza kuhusu Njoro aanze.